Kilo Sabini na Mbili za Tshiamala

Tshiamala, fundi wa ndege, alizaliwa Kolwezi na kuzeekea kazini Kolwezi. Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mjini, naye akaambiwa arudi kwao Kasai, asikojua hata njia ya sokoni. Eti mgeni! Na huyo mgeni ndiye aliyeijua hewa ya Kolwezi kuliko wote waliomfukuza.

Wiki tatu alilala stesheni na familia yake wakingoja treni, mpaka surua ikamshika binti yao, Mbombo. Ndipo Henri, rubani wa misheni aliyehamia juzijuzi kutoka Kinshasa, alipokubali kuwapeleka wagonjwa Kananga, huko Kasai, kwa ndege yake ndogo. Tshiamala na mkewe Mushiya wakapewa nafasi. Askari waliolinda kiwanja wakawapa muda wa saa moja tu wa kuondoka, mchana, jua la utosini.

Injini ikawaka ikikohoa, ikitema moshi mweusi. Tshiamala, aliyeketi kando ya rubani, akacheka.

"Tata Henri, unaipa motere petroli ya kipimo cha Kinshasa. Huku kwetu ni juu, hewa iko kidogo. Petroli ikipita hewa, motere inakabwa."

Akakivuta kishikio chekundu cha petroli, polepole, sikio ameliinamisha, mpaka mlio ukatakata. Akakirudisha kidogo tu. Kikohozi kikakoma.

Lakini kicheko nacho kilikoma. Petroli aliweza kuipunguza. Hewa hakuweza kuiongeza. Kwenye kimo kile, na joto lile, hata injini nzima kabisa hukosa nguvu, na mabawa nayo hukosa cha kushika. Mizigo yote walikwisha kuiteremsha. Mwenye macho haambiwi tazama: kilichobaki kuteremshwa ni yeye, kilo sabini na mbili.

"Mi nashuka," akasema.

Mushiya akamkamata shati. "Baba Mbombo, nafasi si iko?"

"Nafasi iko, mama. Hewa ndiyo haiko. Mi nitakuya na train."

Akambusu mtoto, akaruka chini.

Ndege ikakimbia, ikakimbia, kiwanja kikaelekea kwisha, ndipo magurudumu yakaachana na ardhi. Kule mwisho ikaipita mikaratusi kwa juu, ikaiacha kwa urefu wa mtu mmoja, si zaidi. Tshiamala akakaa palepale kwenye vumbi, akalia kwa furaha bila haya, mbele ya askari.

Kisha akajipangusa suruali, akashika njia ya stesheni.