Jaruba la Mwamvua

Mwamvua wa Kigombe hakuwa mtu wa kukaa. Hata msibani, wenzake wakiwa wamenyoosha miguu mkekani, yeye alikuwa keshainuka kutazama kama maji ya chai yamechemka. Wifi yake, Saleha, alizoea kusema kwamba mwanamke huyu siku akifa itabidi wamzike upesi, asije akaamka kufagia. Ulikuwa utani wa mawifi, lakini haukuwa mbali na kweli.

Kazi yake ilikuwa kupika chumvi. Tangu yungali kigori alikwangua udongo wa chumvi pale tope la pwani linapokauka, akauchuja, kisha akayachemsha maji yake kwa kuni za mikoko, huku akikoroga kutwa nzima. Chumvi ya kupika haitaki mvivu. Ukigeuka kidogo tu kusalimiana na mtu, imeshika chini na kuungua. Miaka arobaini mkono wake wa kulia ulikuwa haujui kutulia, na yeye alijivunia jambo hilo.

Mwaka 1955 baraza la wenyeji lilipiga marufuku kukata mikoko. Bahari ilikuwa inakula ufuo, kamba wameadimika, na wajumbe wakaona si akili kuteketeza miti na jua lipo, tena la bure. Wakachimbisha majaruba nyuma ya ufuo, vishamba vya udongo mgumu vya kuingiza maji ya bahari wakati wa bamvua, bahari ijaapo kupita kawaida kila nusu mwezi, na kuyaacha yakauke. Kila mpishi wa chumvi alipewa moja la kujaribia msimu wa kaskazi. Atakayetoa chumvi nyeupe kabla ya masika, jaruba lake. Atakayeshindwa, atampisha mwingine.

Mwamvua alikuwa mjane asiye na shamba wala mnazi. Akilikosa jaruba, kilichobaki ni kula kwa Saleha, na kula kwa wifi, hata awe mwema vipi, ni kumeza na miba.

Basi akaingiza maji. Siku ya kwanza akayatazama. Siku ya pili akayazunguka mara kumi. Siku ya tatu akavua viatu, akashika mwiko wake mrefu, akaingia kukoroga. Alikoroga kwa moyo mmoja, kona kwa kona, na maji yalipokauka akapata kitu chekundu kama matofali. Ng'ombe angekilamba, mtu, hapana.

Karani wa baraza, kijana wa Pangani aitwaye Idarusi, alikuja kukagua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Udongo mliotuchagulia mbovu."

Idarusi alichuchumaa akaziona nyayo chini ya jaruba. "Umeingia humu?"

"Nisiingie? Chumvi isiyokorogwa hushika."

"Ya motoni, bibi. Hii haina moto chini. Ukiikoroga unafufua tope. Iache tu."

Mwamvua aliitikia, na alikusudia kutii wallahi. Lakini bamvua lililofuata, siku ya sita, maji yakaanza kufanya utando juu, naye akaona ndiyo inaungua hiyo. Alikuwa keshaingia na mwiko kabla hajajijua. Safari hii Idarusi hakuchuchumaa. Alisema limebaki bamvua moja, na kwamba kuna watu watatu wanaomfuata kila siku kuuliza jaruba.

Usiku ule Mwamvua hakula. Aliona hasira, na chini ya hasira aliona hofu. Asubuhi alimpa Saleha mwiko.

"Ufiche, wifi. Hata nikikulilia usinipe."

Bamvua la mwisho lilipofika akaingiza maji, akachukua miyaa, akaketi kando ya jaruba kusuka ukili wa mikeka, ili mikono ipate cha kushika. Siku kumi na mbili zilizofuata zilimchosha kuliko miaka yote ya kupasua kuni. Alisuka mpaka vidole vikachubuka. Utando ulipotanda akageuza uso, akasuka haraka zaidi. Mara mbili aliinuka, mara mbili akajikalisha, akijitukana kwa sauti hata wapita njia wakadhani kuna ugomvi. Ukili ukawa mrefu wa kutosha mikeka ya msikiti mzima, na jaruba hakuligusa.

Siku ya kumi na tatu chumvi ilikuwa imelala nyeupe, kavu, punje zake nene. Idarusi alichota gao moja, akacheka kwa furaha.

"Hongera, bibi. Jaruba lako. Naliandika leo hii."

Mwamvua alitia punje ulimini, akaimumunya taratibu, kisha akatazama upande wa kusini, kule mikoko ilikoishia na kubaki visiki mpaka majini. Vingi alivijua, shoka lilikuwa lake.

"Mama yangu alipika chumvi hapa," alisema. "Moshi ulimla macho yote mawili. Amekufa hanijui kwa sura, ananijua kwa kikohozi."

"Mungu amrehemu."

"Amina. Na jua hili, mwanangu, siku zote hizo lilikuwa wapi?"

Idarusi alitazama chini. "Lilikuwepo, bibi."

"Lilikuwepo," Mwamvua alisema, akaanza kulia.