Mstaafu Dukani Kwangu

Watoto wetu walipohama nyumbani, nilianza kuandika hadithi kila asubuhi ndani ya duka langu la vitenge hapa Kariakoo, kabla wateja hawajaanza kumiminika. Kisha mume wangu akastaafu. Akawa anashuka dukani kila siku, eti kunisaidia. Msaada wenyewe ulikuwa kukalia kiti changu, kunywa kahawa na kunisomea kwa sauti kila upuuzi aliotumiwa kwenye simu. Mtu aliyeongoza ofisi nzima hakuweza hata kukunja kitenge.

Asubuhi moja alileta wastaafu wenzake, akawaketisha kwenye benchi la wateja, kisha akachungulia nilichokuwa naandika.

"Mama, kwani haya nani atayasoma?" akauliza, na wenzake wakacheka.

Nilimtazama, na tumbo lake lililolala juu ya mkanda. Sikukasirika. Nilimdharau tu, na dharau ilinipa utulivu ambao hasira haijawahi kunipa. Nikamwekea funguo za duka mapajani.

"Leo utauza wewe," nikamwambia.

Nikapanda nyumbani kwetu ghorofani, nikajifungia katika chumba alichokiacha binti yetu. Haukupita muda akapiga simu. Kuna mteja anauliza kama kitenge kinachuja rangi.

"Si ulikuja kusaidia? Mjibu," nikasema, nikazima simu.

Tangu hapo, kila asubuhi anauza yeye, tena vibaya. Ndugu zake wanasema nimepata kiburi. Wanasema kweli, na hadithi yangu inaenda.