Tembo la Jumwa

"Babu, wewe hasa huwa umekosa nini?"

Kahaso aliuliza swali hilo akiwa darasa la tatu, mkono umeshanawa, sima iko mbele yake, mara tu babu yake alipomaliza kuombea chakula. Halikuwa swali la ufedhuli. Sala ya Mzee Mwaringa ilikuwa na utaratibu wake: shukrani kwanza, kisha mvua, kisha wagonjwa, kisha serikali, na mwisho, sauti ikishuka na kutetemeka, Mungu awasamehe wakosefu wake, maana wamekosa, wamekosa sana. Sima ilipoa kila siku kwa ajili ya makosa hayo. Mtoto alitaka tu kuyajua.

Mzee alimtazama juu ya miwani. Kahaso alipewa jina la marehemu mama wa mzee huyo, kwa hiyo mzee alimwita mama hata alipokuwa akimgombeza.

"Mama," akasema, "sisi sote ni wakosefu. Kula."

Upande wa pili wa jamvi mkewe, Jedida, akakohoa kikohozi kidogo kisicho na mafua.

Mzee Mwaringa alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, na asiyelijua hilo alijulishwa. Alistaafu utarishi katika ofisi moja ya Kilifi, akarudi kwao upande wa Jilore na mkoba mweusi, suti mbili na Kiswahili cha barua rasmi. Haikuchukua muda akawa mzee wa kanisa, na baada ya hapo mwenyekiti wa baraza la wazee. Alikuwa na kipawa cha kulia. Wimbo ukifika ubeti wa tatu, wimbo wowote ule, leso nyeupe ilitoka mfukoni, ikakunjuliwa, ikapangusa jicho moja, ikapangusa la pili, ikakunjwa tena kwa mistari yake ile ile ya pasi. Akina mama walisema mzee ana Roho. Leso zenyewe alizipiga pasi Jedida.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni tembo la mnazi. Alilihubiri bila kuchoka: lilivyo tamu likiwa bichi, linavyokuwa kali jioni, linavyopanda kichwani taratibu kama mgeni mwenye adabu asiyetaka kukusumbua. Alieleza kwa ufasaha mkubwa hata vijana ambao hawajalionja walitoka kanisani na kiu. Mtu angeweza kujiuliza ameyajulia wapi yote hayo. Lakini wa kujiuliza alikuwa mmoja tu, Mchungaji Odera, naye ni mtu wa bara, kaletwa na uhamisho, na mgeni haonyeshwi uvungu wa kitanda.

Wenyeji hawakuwa na la kujiuliza. Mzee Mwaringa aliachiwa minazi na baba yake, na minazi hiyo iligemwa. Mgema alikuwa jirani yake, Kambi, mtu mwembamba mwenye watoto wanne na maneno machache. Juma la kienyeji huko lina siku nne, na desturi ya shamba lile, tangu enzi za wazee, ilikuwa hivi: tembo la siku tatu ni la mgema, auze alishe watoto, la siku ya nne, siku ya Jumwa, ni la mwenye minazi. Hakuna aliyeandika popote. Mgema akila tembo la Jumwa ni mwizi, na hapewi tena mnazi na mtu yeyote.

Basi kila Jumwa, jua likianza kuinama, Kambi aliteremka mnazini, akapitia nyuma ya jiko la Jedida na kibuyu mkononi.

"Hodi, mzee. Yako hii."

"Weka hapo. Na usikae sana, Kambi. Watu wasije wakakuona nami wakadhani tuna ushirika."

"Haya, mzee."

Mzee alikuwa na elimu yake ya dini juu ya jambo hili. Kunywa ni kukaa mangweni na walevi, mrija mdomoni, mkisengenya wake za watu. Lakini mtu aliyeketi ghalani mwake, mlango umefungwa, akalipoza tumbo lililoharibiwa na vyakula vya mjini, huyo hanywi, anajitibu. Na tumbo la mzee lilikuwa na nidhamu ambayo walimu wengi wangeitamani. Lilimuuma kila Jumwa, na siku nyingine halikumuuma kabisa.

Kasoro ya juma la siku nne ni kwamba haliliheshimu juma la siku saba, na mara moja moja Jumwa huangukia Jumapili. Jumapili hizo mzee alihubiri kwa kifupi.

Kahaso alipofika darasa la sita, babu yake aliona mahubiri peke yake hayatoshi. Akapeleka hoja barazani kwamba kila mgema atengwe na Meza ya Bwana, akae benchi la nyuma, na nyumba yake isihudumiwe na kanisa kwa harusi wala matanga, mpaka atakapoweka chini kotama yake, kile kisu cha kugemea. Hoja ikapita bila kupingwa. Kanisa zima lilikuwa na mgema mmoja.

Kambi akahamia benchi la nyuma, karibu na mlango ambamo mbuzi huingia kukimbia jua. Mangweni walimcheka. Walimwambia kuwa anahitaji sentensi moja tu, asimame amwambie mchungaji minazi ni ya nani. Kambi akawajibu kwamba minazi ni ya mzee, na watoto wake wanne wanakula juu ya minazi hiyo. Wakaendelea kunywa.

Mama yake Kambi, bibi kizee aliyeitwa Hawe Pola, alibatizwa wakati Mwaringa bado anachunga mbuzi na kamasi zinamtoka. Alikuwa mwimbaji. Uzeeni hakudai kingine ila kimoja, na alikirudia kila alipoamkiwa: siku yake ikifika azikwe na mchungaji, na akina mama wa vitambaa vyeupe wamwimbie mpaka udongo ujae. Siku ikafika. Kambi akaenda kwa mchungaji, mchungaji akaita baraza.

Mchungaji Odera alisema kwa sauti ya chini kwamba marehemu hakugema, aliyegema ni mwanawe. Wazee wakageuka kumtazama mwenyekiti. Hapo palikuwa na mlango wazi, na Mzee Mwaringa aliuona. Angesema tu "mchungaji amesema kweli", na Hawe Pola angeimbiwa. Lakini aliona pia kilichokuwa nyuma ya mlango huo: kesi ya Kambi ingefunguliwa upya, mtu angeuliza swali dogo, na swali dogo lina mama yake na bibi yake. Akatoa leso.

"Mchungaji, linaniuma," akasema. "Lakini nyumba ni moja na chungu ni kimoja. Uji wa marehemu ulitoka kwenye tembo."

Wazee wote wakatazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri ya saruji, na hawakuwahi kuitazama kwa makini kiasi hicho.

Hawe Pola alizikwa bila mchungaji. Akina mama walikuja, vitambaa vyeupe wameviacha nyumbani, wakakaa kimya kwa kuogopa kwamba hata kuimba kutahesabiwa. Kambi akasimama kaburini akaanza Sala ya Bwana peke yake. Akafika katikati akakwama. Akaanza tena tangu mwanzo, akakwama pale pale. Mzee Mwaringa, aliyekuja kama jirani, kofia mkononi, alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Neno linalofuata alikuwa nalo ulimini. Alikuwa na sala nzima, na nyingine nyingi, alizozitumia kila siku kupoza sima. Hakulitoa. Kambi akachukua jembe, akaanza kufukia.

Mzee alirudi nyumbani akijiambia kwamba sheria ni msumeno. Alikuwa bado anajiambia aliposikia hodi nyuma ya jiko. Kambi amesimama pale, udongo wa kaburi bado miguuni, kibuyu mkononi.

"Kambi. Leo?"

"Leo Jumwa, mzee."

"Umefiwa, mwanangu. Nani angekudai leo?"

"Hakuna. Lakini ni yako." Akakiweka chini kibuyu mahali pake pa siku zote. "Sikai sana."

Mzee alikichukua kibuyu akaingia nacho ghalani, akafunga mlango, akaketi. Akangoja tumbo limuume. Halikuuma. Jedida alipomtuma Kahaso kufuata ungo, msichana alimkuta babu yake ameketi juu ya gunia, kibuyu kimejaa mbele yake, kamasi zinamchuruzika na leso haijatoka mfukoni. Kahaso akarudi bila ungo, na nyanyake hakumuuliza.

Mtu angedhani hapo ndipo mzee alipotubu. Hapana, kwanza alitoa ushuhuda, ambacho ni kitu kingine. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akasema tumekuwa wagumu wa moyo, tumepungukiwa upendo, tumekosa, tumekosa sana. Leso ikafanya kazi yake. Amina zilitoka kila pembe, na mchungaji akamshika mkono kwa mikono miwili. Mzee akarudi nyumbani mwepesi, akaombea chakula kwa urefu wa kawaida.

"Umelia vizuri leo," Jedida akasema akimpakulia mboga. "Ulikuwa ukililia nini?"

"Makosa yetu, mama Kalume."

"Yetu na nani? Mimi sina minazi."

Sima ya siku hiyo mzee hakuimaliza. Siku zikapita, akawa hali vizuri wala halali vizuri, na Jumwa tatu akamrudisha Kambi na kibuyu chake, asiweze kukipokea wala kusema kwa nini. Kisha ikaja Jumapili ya Meza ya Bwana, nayo ilikuwa Jumwa. Asubuhi hiyo mzee alivaa suti, akatoka, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyepiga hodi kwa Kambi. Akaomba tembo lake. Akalibeba mwenyewe, mchana kweupe, njia kuu, povu likimchirizikia kwenye mkono wa koti. Watoto wakaanza shikamoo wakaimalizia tumboni. Alipopita mangweni mmoja akamwita, "Mzee, karibu, au siku hizi kanisa limehamia huku?" Mzee akasimama. Akamjibu kwamba lilikuwa huku siku nyingi, kwenye ghala lake, akaendelea na safari.

Akaingia nalo kanisani, akaliweka mbele kwenye saruji ile nzuri. Harufu ikaenea mpaka kwa waimbaji.

"Hili ni tembo langu," akasema. "Minazi ni yangu. La Jumwa ni langu, na nimekuwa nikilinywa mimi tangu kabla hamjanichagua. Kambi mmemtenga kwa kosa langu. Na Hawe Pola amezikwa kimya kwa sababu mimi niliogopa kuulizwa minazi ni ya nani."

Hakuna aliyesema amina. Kanisa ambalo lilimjibu kwa miaka kila aliposema "tumekosa" lilikuwa limepoteza sauti. Mzee akaendelea, na safari hii alilia vibaya. Uso ulimkunjamana, sauti ikakwaruza kama redio inayoishiwa betri, machozi yakashuka mpaka kwenye tai. Akina mama waliona haya wakatazama kando. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mzee akaomba mambo mawili tu: kanisa liende kaburini kumwombea na kumwimbia Hawe Pola, na yeye ahukumiwe kwa sheria aliyoitunga mwenyewe. Kisha akamgeukia Kambi, akamwambia amemkosea yeye na amemkosea mama yake. Kambi akatazama mlangoni, kwa mbuzi.

Baraza, lililozoea kujadili bomba la maji mwaka mzima, lilimtenga mwenyekiti wake kabla sadaka haijakusanywa. Mchungaji Odera hakungoja kikao kingine. Baada ya ibada alitangulia kwenda kaburini, na akina mama wakakimbilia makwao kuchukua vitambaa vyeupe. Waliimba mpaka sauti zikakauka. Mzee Mwaringa alisimama nje ya ua, maana mtu aliyetengwa hana nafasi penye huduma, na alikuwa anaijua sheria hiyo kuliko wote.

Watu hawakosi la kusema. Wengine walisema karogwa. Wengine walisema anatafuta udiwani. Mwenyekiti mpya aliahidi kuendeleza vita dhidi ya tembo. Naye, wanasema, ana minazi yake michache. Kambi alifunguliwa arudi mbele, lakini akabaki nyuma, akasema kule kuna upepo. Kwa miezi walikaa benchi moja, Kambi mwisho huu na mzee mwisho ule, wasisemezane. Kisha Jumapili moja ya wageni wengi, mzee amekosa pa kukaa, Kambi akajisogeza kidogo.

"Kaa hapa, mzee."

Hilo ndilo neno alilopewa, na alilipokea kwa mikono miwili.

Alimwambia Kambi awe anachukua na la Jumwa pia. Kambi akakataa, akasema desturi haifutwi na machozi. Kwa hiyo kibuyu bado kinakuja, mchana, kwa mlango wa mbele, na Jedida hulichachusha tembo likawa siki ya achari. Kanisa zima hununua achari hiyo. Wale waliomhukumu mzee hupenda sana ile ya maembe.

Kahaso sasa yuko kidato cha tatu. Likizo hii alimkuta babu yake uani akifua nazi, suti zimeshakuwa za kushindia, na sala ya chakula imekuwa fupi kiasi kwamba mtu huunguza ulimi. Akamwamkia, akaketi kumsaidia kukusanya makumbi. Mzee akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, uliniuliza siku moja mimi hasa nimekosa nini, nikakwambia ule."

"Nakumbuka, babu. Sima ilikuwa baridi."

"Nilimwacha Kambi abebe jina baya la tembo langu. Na mama yake akazikwa bila sala, nimesimama pale, sala ninayo mdomoni." Akachukua nazi nyingine. "Hilo ni moja. Keti vizuri, mengine yapo."