Murugi na Pete Tatu za Plastiki

Murugi alizaliwa Kianyaga, lakini ukimtafuta leo utampata Nyeri mjini, katika chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, na jioni utampata mtaa wa Skuta anakoishi. Baba yake alikuwa mpiga picha. Nasema mpiga picha, si mtu mwenye simu. Siku za malipo ya kahawa alizunguka kwa baiskeli, kamera shingoni, na watu walimsubiri wakiwa wameoga. Waliazimana viatu na makoti. Picha ilikuwa moja tu, nayo ilikaa ukutani miaka arobaini, nyuma yake jina na tarehe kwa kalamu ya wino. Siku hizi mtu anajipiga picha mia akila chipsi, na mwaka ukiisha hana hata moja, kwa sababu simu imeibiwa.

Murugi aliirithi kazi hiyo ikiwa tayari inakata roho. Kwa muda aliishi kwa picha ndogo za vitambulisho. Kisha ofisi zikaleta kamera zao mezani, na foleni ya mlangoni kwake ikakauka. Wenzake mjini waliuza vifaa vyao wakaanza kuuza kava za simu. Yeye akabaki. Hakuolewa, na sijawahi kumsikia akilieleza hilo, wala sijamwuliza. Sasa ana miaka hamsini na minne, ni mwembamba, anavaa koti la mvua la kijani hata jua likiwaka, na anaongea polepole kama mtu anayepanga vyombo vya udongo.

Kazi za wateja zilipopungua, alianza kupiga picha za vitu vidogo. Mdudu kwenye tawi la kahawa. Mbegu ya njahi, yale maharage yetu meusi. Mguu wa nyuki. Hakuna aliyemlipa. Aliniambia kwamba alikuwa amechoka kupiga picha za watu wanaotaka kuonekana weupe kuliko walivyo.

Kwa kazi hiyo alinunua pete. Zilitoka Nairobi kwa basi, za bei ya chini kabisa, pete tatu za plastiki nyeusi zinazofungana kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Siku moja nilipoingia kwenye chumba chake cha kazi zilikuwa mezani. Nikaishika moja, nikapitisha vidole, vikatokea upande wa pili.

"Hakuna kioo," nilimwambia. "Umeuziwa hewa."

"Nilinunua umbali, Baba Wachuka," alinijibu. Wachuka ni binti yangu.

Akanieleza. Pete hukaa kati ya kamera na lenzi. Kazi yake ni kuisukuma tu lenzi mbele, iwe mbali na kamera kuliko ilivyozoea. Ikiwa huko mbele, lenzi inaweza kukiona kitu kilicho karibu nayo sana, na chawa anaweza kuijaza picha nzima. Wenye pesa hununua lenzi maalumu ya kazi hiyo. Asiye nazo hununua pete, na hulipa kwa njia nyingine: mwanga hupungua, na sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba kama ukucha. Tena pete za bei ya chini hazina nyaya ndani. Kamera haiwezi kuiambia lenzi kitu. Lenzi za kisasa zisipopata umeme wa kamera hazijui hata kulifunga jicho lao la kupitishia mwanga, kwa hiyo Murugi aliziweka kando akatoa sandukuni lenzi ya marehemu baba yake, ya chuma, ambayo jicho lake hufungwa na kufunguliwa kwa kidole. Ilikaa sawasawa. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la sita, mengine nimejifundisha kwa magazeti na vitabu vya kuokota, lakini jambo hilo nililielewa mara moja na likanifurahisha siku nzima.

Sasa niseme ya matoka, kwa maana hayo ndiyo yaliyomleta Murugi kijijini kwetu, upande wa Tetu.

Itoka ni yungiyungi la porini. Lina majani marefu, ua jeupe lenye mistari ya rangi ya waridi, na chini ardhini lina kitunguu kikubwa kisichokufa kwa kiangazi. Baba zetu walipogawa mashamba walipanda matoka kwenye mpaka, na tangu siku hiyo hakuna mkono ulioruhusiwa kuyagusa. Hata jani halivunjwi. Aling'oaye itoka ameila ardhi ya mwenzake na amemtukana aliyelipanda. Vijana wanataka vigingi vya saruji. Kigingi kinaweza kuhamishwa usiku mmoja na mtu mwenye toroli, lakini nani ananisikiliza.

Aprili iliyopita, katikati ya mvua, matoka ya mpaka wa Hezekiah na Watiri yalianza kufa. Watiri ni mjane wa ndugu yake Hezekiah. Majani yalibadilika kuwa manjano, kisha kahawia, kisha yakalala chini yakinuka. Yalianzia upande wa juu, karibu na mahindi ya Watiri, na wiki mbili kabla yake Watiri alikuwa amepuliza dawa ya magugu. Zaidi ya hayo, mpima ardhi alikuwa anatarajiwa, maana shamba lote lilikuwa bado kwa jina la marehemu baba mkwe. Hezekiah alisema waziwazi kwamba mjane ameyaua matoka kwa dawa ili mpaka upotee. Alitaka mstari mpya, ulionyooka kutoka barabarani hadi mtoni. Mstari huo ungekata kipande cha chini chenye unyevu ambapo Watiri hupanda nduma. Nduma hizo ndizo anazouza sokoni, na hana kingine.

Na hilo halikuwa baya kuliko jina. Mtu akishaitwa muua matoka kwetu, watoto wake hawaombwi uchumba wala hawaombi.

Wazee watatu tuliitwa kulisikiliza shauri hilo. Mimi ndiye mkubwa wao. Tulikwenda, tukasimama, tukatazama majani yaliyoungua. Nikasema, "Hii ni dawa." Nikasema pia mtu yeyote asiguse kitu hadi Jumamosi tutakapoketi. Nilisema yote mawili nikiwa nimesimama wima, mikono nyuma.

Watiri hakulia. Alikwenda mjini kwenye duka la dawa za kilimo. Mwenye duka akamwambia alete jani alione. Asingeweza kulileta. Kuvunja jani la itoka siku nne kabla ya kesi ya itoka ni kujihukumu mwenyewe. Akitoka hapo ndipo alipoona dirishani kwa Murugi picha ya mdudu wa kahawa, kubwa kama sahani, akaingia.

"Unaweza kupiga picha ya kitu bila kukigusa?" aliuliza.

"Ndiyo njia ninayojua," Murugi akasema.

Alifika Alhamisi asubuhi na gunia, begi na kifuniko cheupe cha ndoo. Nilikwenda kuhakikisha hakuna jani linaloguswa. Hezekiah alikuwepo tayari, na mwanawe Kim, ambaye hufanya kazi Nairobi na alikuwa amekuja kwa ajili ya kesi.

"Mama, hiyo ni kamera ama ni bomba ya maziwa?" Hezekiah aliuliza alipoona lenzi imesimama mbele ya pete tatu.

"Ni kamera, Baba Kim. Maziwa nilikunywa nyumbani."

"Hata mimi niko na kamera," Kim akasema, akainamisha simu yake juu ya jani. Akaisogeza karibu, picha ikawa ukungu. Akaisogeza mbali, jani likawa jani tu. "Ati hakuna kitu hapa. Ni leaf imekauka."

"Usipige zilizokauka," Murugi alimwambia. "Hizo zimeshamaliza kusema. Angalia zile ziko karibu kuugua."

Akatandika gunia kwenye tope upande wa Watiri, penye itoka ambalo bado lilikuwa kijani, akalala kifudifudi. Mwanamke wa umri wake. Lenzi ilikuwa karibu na jani kiasi cha upana wa kidole gumba, na kifuniko cha ndoo alikiegemeza kwenye kiwiko ili kirudishe mwanga chini ya jani. Nilidhani atazungusha kitu kwenye lenzi. Hakuzungusha. Aliyumba yeye mwenyewe, mbele na nyuma, kidogo sana, kama mtu anayeomba kimoyomoyo, akabonyeza pale tu jani lilipokuwa wazi.

Lakini upepo wa mlimani haukumruhusu. Jani lilitikisika, na yeye asingeweza kulishika.

"Nataka ukuta," alimwambia Watiri bila kuinua kichwa. "Mama, lete hiyo leso uliyojifunga. Shika upande mmoja. Baba Kim, shika ule mwingine."

"Mimi?" Hezekiah akauliza.

"Wewe ndiye mrefu."

Basi wakasimama hivyo, Hezekiah na mjane wa ndugu yake, leso imetandazwa kati yao, bega karibu na bega. Walikuwa hawajasemezana tangu Pasaka.

"Shemeji, inua kidogo," Watiri alisema baada ya muda.

"Nimeinua."

"Umeinua upande wa jua. Upepo unatoka huku."

"Hata upepo unanipangia?"

"Hiyo leso ni yangu, na unaiburuta kwa matope."

Akaiinua. Mimi nilitazama kando.

Murugi alipiga picha nyingi, akasema zitakazofaa ni tatu au nne. Kisha akahamia upande wa Hezekiah, kwenye itoka lililokuwa mbali kabisa na mahindi, na wakamfuata na leso yao. Alipomaliza aliketi, tope hadi kifuani, akatuonyesha kioo kidogo cha nyuma ya kamera. Hezekiah alisema hana miwani. Kim ndiye aliyetazama, kisha akairudisha simu yake mfukoni.

"Sitasema ni nini," Murugi alisema. "Nitaleta Jumamosi kwenye karatasi. Kila mtu atajisomea."

Jumamosi tuliketi kwenye ua wa Watiri. Murugi aliweka picha nne juu ya meza, kubwa, za karatasi nzito. Ilikuwa miaka mingi tangu nishike picha ya ukubwa huo. Ya kwanza ilionyesha uso wa chini wa jani, na juu yake mayai yaliyopangwa kwa safu kama punje za mtama, yakiwa na mistari midogo. Ya pili ilikuwa kiwavi mwenye kichwa cheusi, mwembamba kama uzi, nusu yake nje na nusu ameshaingia ndani ya jani. Ya tatu ilikuwa njia aliyoichimba, inayoonekana kama mfereji chini ya ngozi. Ya nne ilikuwa mayai tena.

"Hii ya nne umepiga upande gani?" nikauliza.

"Kwa Baba Kim. Karibu na choo chake."

Hezekiah aliichukua, akaigeuza, akatazama nyuma yake nyeupe, akaigeuza tena. "Pengine wadudu wenyewe amewaleta yeye," alisema.

Mzee mwenzangu akacheka. "Amewaleta kwa kamba, Hezekiah? Ama kwa toroli?"

Tuliamua jambo ambalo mimi sijawahi kuliona likifanywa. Tuliruhusu itoka moja lililokufa lichimbuliwe, mbele ya pande zote mbili, Hezekiah akishika jembe na Watiri akivuta. Kitunguu kilitoka kimeoza, na ndani yake viwavi waliokwisha kunenepa, weusi wenye madoa meupe, wanajikunja. Hapo hapakuhitajika kamera tena. Wote waliwaona. Kila mmoja wetu alikuwa amepita hapo kwa wiki tatu. Marufuku ilitukataza kugusa. Haikutukataza kuinama. Mama yangu angekuwa hai angeinama siku ya kwanza, akawaona, akawatoa mmoja mmoja, na kesi isingekuwepo. Sisi tuliitunza heshima ya matoka, tukasahau kuyatunza matoka yenyewe.

Waling'oa yaliyokufa wakayachoma. Chini mtoni yalikuwapo mengine, mazima. Wakayagawa, wakayapanda katika mashimo yaleyale, kila shimo mikono miwili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Murugi hakupiga picha ya jambo hilo. Nilimwuliza kwa nini. Alisema alikuwa na pete zake kwenye kamera, na zikiwa hapo kamera haioni mtu, inaona tu kitu kilicho karibu. Kuzitoa mbele ya watu, na tope lile, angeharibu lenzi.

Mpima ardhi alikuja Agosti. Kim alimwonyesha kwenye simu mstari ulionyooka. Mpima akatazama matoka mapya yakiwa yameshika, akafuata hayo.

"Hii laini iko na kona mob, kona kila mahali," Kim alilalamika.

"Si mimi niliyeziweka," mpima akasema.

Kipande cha nduma kikabaki kwa Watiri, na safari hii kiko kwa jina lake. Hezekiah na yeye husalimiana. Zaidi ya hapo sijui, na si kazi yangu kujua.

Mimi nilikawia. Ilinichukua hadi Septemba kwenda kwa Watiri. Nilimkuta akipalilia, nikasimama ng'ambo ya mpaka.

"Mama," nikasema, "nilisema neno kabla ya kutazama."

Aliendelea na jembe hadi mwisho wa mstari wake.

"Ulilisema mbele ya watu, Baba Wachuka."

"Ndiyo."

"Basi na hili nalo ulirudie mbele ya watu."

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji alipouliza kama kuna mwenye tangazo, nilisimama.