Mama Mkwe Alisema Nimetia Sumu Kwenye Soda

Soda ilifunguliwa mbele ya watu wanne, kizibo kikarukia chini ya kochi, na bado mama mkwe akasema nimeitia sumu.

Sikuwa nimeigusa hata chupa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana kila ninayemsimulia ananiuliza kama natunga.

Mimi ni mwalimu wa chekechea. Watoto thelathini nawatuliza kwa kuwaangalia tu. Lakini mtu mzima mmoja akinikazia macho, maneno yote yananikimbia. Ndiyo maana mama mkwe alinipa jina la Kimya. Na si kwa mapenzi. "Mwanangu kaoa kabati," alimwambia jirani siku moja, na mimi niko pale pale naanika nguo.

Tulikuwa tukiishi watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Wifi, dada wa mume wangu, anakaa mtaa wa pili. Alikuwa na ufunguo wake, na kila siku asubuhi nikiwa shuleni alikuja kumwangalia mama. Akimaliza, anakagua sufuria zangu.

Mwezi ule mama aligundulika ana presha ya macho. Akapewa matone na vidonge. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Daktari hakuficha: bila dawa, jicho la kushoto linakwenda, na likienda halirudi.

Kazi ya vidonge nikapewa mimi.

"Angalau tumwone ana faida gani," Wifi alisema.

Vidonge vilikuja kwenye vipande vya bati, vile vya kutoboa kwa kidole gumba. Asubuhi nina haraka, nikitoboa kinaruka chini ya kitanda. Basi siku ya kwanza tu nikavitoboa vyote, nikavitia kwenye kichupa safi. Boksi nikatupa, na karatasi yake ya maelezo humo humo.

Nilijiona mjanja.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nyumba ile nilikuwa naongea na jiko.

Siku ya nne nikarudi na soda ya machungwa. Mama alikuwa anaipenda, na mimi nilikuwa namnunulia kila nikitoka kazini. Labda siku moja angesema ahsante.

Akapiga funda moja. Akatema kwenye kanga.

"Umeweka nini humu?"

"Sijaweka kitu, Mama."

"Ina ladha ya msumari! Mimi nimelamba msumari hapa!"

Siku ya sita akasema vidole vyake vinawaka, kama vina sisimizi ndani. Siku ya nane alikuwa haishi kwenda chooni. Siku ya kumi akawa analala akiwa ameketi, kijiko mkononi.

Na kila aliyekuja kumjulia hali, Wifi alimkalisha kando.

"Yaani tangu huyu mtoto wa watu aanze kumletea soda, mama hajawa sawa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu muangalie wenyewe."

Jirani aliyekuwa akiniazima pasi akaacha kunisalimia.

Mume wangu je? Mume wangu alitazama simu.

"Nenda kwenu kidogo, mambo yapoe," aliniambia, hata uso hakuinua.

"Na wewe unaamini?"

"Sijasema naamini. Nasema mambo yapoe."

Nikafunga begi. Nililia huku nakunja nguo, kisha nikazikunjua nikazikunja upya, kwa sababu sikupenda zilivyokaa. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi mchana, begi liko mlangoni, Wifi akaingia na soda mbili alizonunua mwenyewe. Alitaka kunimaliza mbele ya kaka yake.

"Nimenunua mimi. Nafungua mimi. Glasi nimeosha mimi. Wewe Kimya kaa huko huko mlangoni. Mama, hii ni soda safi, onja uone tofauti."

Mama akaonja.

Akatema.

"Msumari," akasema.

Wifi akainyakua glasi, akanywa. Akanywa tena.

"Mbona tamu?"

Kwa mara ya kwanza mume wangu akaweka simu chini.

Ukitumia akili kidogo tu, hapo ungeshajua kwamba tatizo haliko kwenye soda. Liko mdomoni mwa mama. Lakini chuki haina subira ya kufikiri.

"Kaipaka glasi!" Wifi akawaka. "Kaipaka tangu jana!"

"Si umesema umeiosha wewe?" mume wangu akauliza.

"Basi hata akisimama mlangoni inaharibika! Toka! Toka na begi lako, muuaji mkubwa wewe!"

Akanishika mkono kunivuta nje. Mama naye akataka kuinuka, sijui aje kusaidia kunisukuma au vipi. Miguu ikakataa. Akarudi kwenye kochi kama mzigo, anapumua haraka haraka, kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

Akanitazama mimi, akaniita kwa jina la marehemu dada yake.

Hapo tuliacha kugombana.

Hospitalini alitupokea daktari mmoja, mama mfupi, miwani ameining'iniza shingoni. Wakachukua damu, wakatundika dripu.

"Anatumia dawa gani?"

"Daktari, huyu hapa ndiye anamtilia vitu kwenye soda," Wifi akanionyesha kidole. "Anaisikia ina ladha ya chuma."

"Nimeuliza dawa."

Mume wangu akataja ile ya macho.

Daktari akavaa miwani. "Basi soda haina kosa. Kidonge hicho kinabadilisha ladha ya vinywaji vya gesi, vinakuwa kama chuma. Vidole kuwasha, ndicho. Kwenda chooni, ndicho, kinaamrisha figo zitoe maji. Hamkusoma karatasi yake?"

Wifi akashusha kidole. Mume wangu akanigeukia na uso wa kuomba radhi. Jamani, nilihisi kama nimeondolewa jiwe mgongoni.

Sekunde kumi tu.

"Lakini kwa viwili kwa siku hafiki hali hii," daktari akaendelea. "Damu imejaa asidi, madini yameshuka. Kuna kingine anachotumia?"

"Hakuna. Labda za magoti tu," Wifi akasema.

"Kule kliniki ya macho mlisema?"

"Mama alisema hizo si dawa, ni za magoti. Mimi nampa mbili, siku nyingine nne, akilalamika." Akapekua mkoba. "Hizi hapa, nimezibeba tulipotoka."

Akatoa kichupa cha kifuniko chekundu.

Ubavuni kimeandikwa aspirini.

Ndani kuna vidonge nilivyovitoboa kwa kidole changu.

Nilikikuta kitupu nyuma ya rafu, nikakiosha, nikakikausha juani. Lebo sikuibandua. Wala sikujua kwamba Wifi alikuwa bado anakitafuta kila mama akisema goti linauma, na alipokikuta kimejaa akadhani kaka yake kanunua nyingine.

Daktari akakimimina kiganjani.

"Hii si aspirini. Hii ndiyo ya macho. Na hata ingekuwa aspirini, kwa wingi huo pamoja na kidonge hiki cha macho ni hatari vile vile."

Wifi akakikodolea macho kile kiganja. "Mimi ndiye niliyempa," akasema taratibu. Kisha akakaa chini sakafuni, kwenye vigae. "Nimemuua mama. Kaka, nimemuua mama."

Nitasema ukweli. Nilimtazama pale chini na nikasikia raha.

Hakuna aliyejua. Ningekaa kimya, jina langu lenyewe ni Kimya, na mwanamke aliyenitukana wiki nzima angebeba lile jambo mpaka kaburini.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia.

"Mimi ndiye niliyevihamisha. Nikatupa boksi. Nikaacha lebo. Sikumwambia mtu yeyote."

Wifi akainua uso. Nilijiandaa kwa kofi. Halikuja, ila macho yale yalinitosha.

Mama alilazwa siku tano. Daktari wa macho akatuita wote, akampangia upya dawa, akatuonya tusiisimamishe wala kuiongeza kwa akili zetu, na magoti akayatafutia dawa nyingine. Jicho la kushoto linaona.

Siku ya tatu nilikaa kando ya kitanda chake, nikamweleza yote mwenyewe. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kumbe una mdomo," akasema. "Ungeutumia siku ulipovihamisha."

Na alisema kweli.

Msinipe pole. Nililaumiwa kwa sumu ambayo sikuitia, kumbe hatari halisi niliiosha na kuikausha kwa mikono yangu, kwa upendo kabisa. Dawa ikae kwenye boksi lake, na karatasi yake. Ukiihamisha, tangaza nyumba nzima, hata kwa wasiokusalimia. Na daktari akiuliza unatumia nini kingine, taja mpaka cha magoti.

Wifi bado hanipendi. Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Kila asubuhi mama hafungui kiganja mpaka nimsomee maandishi ya boksi, neno kwa neno, kwa sauti. Nikiyasoma chini chini ananirudisha mwanzo.

Soda ya machungwa anakunywa, anakunja uso, anasema bado msumari.

Ila siku hizi anakitukana kidonge.