Fagio langu limekaguliwa leo

Leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, na nimefurahi.

Mnajua mimi ndiye mtendaji wa mtaa, hapa Mbulu mjini. Basi kwenye usafi wa Jumamosi nikafika na koti zito na daftari la mahudhurio, naamrisha watu wafagie.

Nikamkuta bibi ameinama anafagia. "Shikamoo bibi. Pumzika, waachie vijana."

Akainuka. Mungu wangu! Mwalimu wangu wa darasa la tatu!

"Marahaba. Fagio lako liko wapi?"

Nikamwonyesha daftari.

"Nimeuliza fagio."

Jamani, enzi zile bila fagio hukuingia darasani! (Wenzangu, nyie mlikuwa mnabeba fagio au kidumu cha maji?)

Nikaenda kwenye uzio, nikakata matawi, nikayafunga kama tulivyofunga asubuhi zile za baridi njiani kwenda shule kutoka kwetu Endagikot. Mikono haijasahau.

Akalikagua. "Unafunga legelege vilevile."

Nikafagia mpaka mwisho wa barabara.

Watu wakaondoka. Mimi bado nimesimama, mikono nyuma, nasubiri mwalimu aseme niende.