Musilie Kwanza

Daktari wetu wa dharura amefariki, na habari zake zilinifikia kwa namna iliyonishangaza. Hapa Kasongo kifo hukisikia kabla hujaambiwa: mwanamke mmoja anapiga kilio, wa pili anakipokea, na wewe uliye mbali unaanza kuuliza ni kwa nani. Safari hii jirani yangu alikuja mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Munganga yetu ameanguka pale hopitali. Wanamufanyia kazi." Nikatega sikio. Hakuna aliyelia. Nikajipa moyo.

Mnaonisoma mnajua sisifu watu ovyo. Huyu nitamsifu. Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watu ambao sisi wengine tumeshawakatia tamaa: aliyesimama moyo, mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Lakini muda wake mwingi aliutumia kuwafundisha wauguzi, hapa kwetu na kule Kabambare, ambako alikwenda kwa pikipiki akiwa amefunga nyuma mapupe, yaani midoli ya kufundishia, miguu yao ikining'inia, hata wakulima wa Lusangi, njiani, wakazoea kuyapungia mkono. Aliyashona mwenyewe kwa magunia ya mchele, akatia chupa tupu ya plastiki kifuani ili kifua kikibanwa kirudi juu. Wauguzi walibana, walipuliza hewa kwa mpira na barakoa, wakakosea, wakarudia. "Pupe haifi," aliwaambia. "Mukosee hapa hapa."

Kilichomsumbua ni utulivu wa darasa lake. Sisi hatuna mgonjwa wa kimya. Mtu akizimia, ndugu wanajaa chumbani, na kilio kikishapigwa, basi, ni hukumu: mikono inaachia, shuka inavutwa usoni. Daktari aliona watu wakifunikwa mapema mno, na jambo hilo lilimkera kuliko hata uhaba wa dawa. Akamwendea mama auzaye sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwenye lango la hopitali, ambaye sauti yake haikosekani kwenye misiba ya mji huu, akamwomba awe mama wa pupe.

"Nilie kidogo ao nilie ya kweli?" mama akauliza.

"Ya kweli, mama."

Lo! Alilia. Alimsifu pupe kwa kila jina zuri, akamuuliza anamwachia nani shamba. Mtaa mzima ukaja na mikeka, kuni na unga wa mihogo, na mzee mmoja akawa anauliza kaburi litachimbwa wapi. Tukakuta gunia limelala kitandani na wauguzi wanatokwa jasho. Wengine tulicheka hadi tukashika mbavu. Mzee hakucheka. "Munganga, unacheza na kifo," alisema. "Unakiita."

"Hapana, papa," daktari akajibu taratibu. "Siku mutoto wako ataanguka, unataka wajifunzie kwake?"

Mzee akatua mkeka wake, akakaa kutazama. Unga ukapikwa, sombe ya mama ikaliwa yote, na mbele ya watu wale daktari akasema maneno aliyoendelea kuyasema hadi mwisho wake: "Musilie kwanza." Angalieni vizuri, hakusema tusilie. Nani angemsikiliza? Kilio ndiyo heshima yetu kwa mtu wetu. Alisema kwanza, yaani bado, yaani nafasi ya machozi ipo ila haijafika. Nimeandika safu hii miaka mingi na sijawahi kupanga neno dogo mahali pake kama yeye alivyolipanga lile.

Mama wa sombe alilishika. Mjukuu wake alipozaliwa Kabambare bila sauti, bibi wa upande wa pili alifungua mdomo apige kilio, na huyu akamziba kwa kiganja: "Kwanza!" Mkunga akamkausha mtoto, akamsugua mgongo, akampulizia hewa, hadi mtoto akalia mwenyewe. "Pale mwenye kulia alikuwa mutoto," mama alinisimulia akijigamba, "hapana sisi."

Sasa najua kwa nini sikusikia kitu siku ile. Daktari alianguka uani mwa hopitali asubuhi, akifunga mapupe kwa safari ya Kabambare. Wauguzi aliowafundisha walimbana kifua kwa kupokezana, kama alivyowaelekeza, na mama wa sombe akasimama kwenye mlango wa chumba walimomwingiza akiwazuia watu wote wasilie, huku amemshika mke wa daktari mikononi. Hawakukosea kitu. Hawakufaulu. Inaniuma kuandika hivyo, ingawa mwenyewe aliwaambia mara nyingi kwamba anayefanya vema pia hushindwa. Mwishowe muuguzi mkuu akatoka. Mama akamtazama.

"Sasa?"

"Sasa, mama."

Ndipo Kasongo nzima ikasikia.

Nami nililia, wala sioni haya. Lakini mtu wako akianguka leo, ita wanaojua, mpe mikono yako, mpe nafasi. Machozi hayaendi popote, yatakusubiri. Yalimsubiri hata yeye.